Shilingi Hamsini za Mafunzo: Waajiri wa Meru na Embu Wanalipa, Nani Anarudishiwa?

Kila mwajiri nchini Kenya, awe na kiwanda cha majani chai kule Mungania au karakana ya kuchomelea vyuma pale Makutano mjini Meru, anatakiwa na sheria kulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi wake. Pesa hizo hazikatwi kwenye mshahara. Zinatoka mfukoni mwa mwajiri mwenyewe. Ni tozo ya mafunzo ya viwandani, na huingia katika mfuko unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha NITA. Mwajiri aliyelipa tozo hiyo ana haki ya kuomba arudishiwe gharama anapowapeleka watu wake kuongeza ujuzi.

Kwa hiyo anayeuliza kama serikali ina ruzuku ya kuwafunza wafanyakazi ajibiwe kwa neno moja: ipo. Swali gumu ni nani anaifikia. Katika kaunti za Meru na Embu, jibu linategemea zaidi ukubwa wa mwajiri kuliko uhitaji wa wafanyakazi wake. Kinachoitwa ruzuku ni pesa ya kurudishiwa: unatoa kwanza, unafunza, unathibitisha, halafu unangoja. Mwenye akiba, mhasibu na mkufunzi aliyesajiliwa hapo karibu anaifaidi. Asiye na hayo matatu analipa kila mwezi na haambulii kitu.

Tozo ilikotoka

Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, ina mizizi yake mwaka 1959, enzi za ukoloni, na wakati huo ilihusu zaidi wanagenzi na mikataba yao. Tozo ilikuja baada ya Uhuru, kupitia marekebisho ya mwaka 1971. Mwanzoni kila sekta ilikuwa na amri yake na kiwango chake: mashamba makubwa, hoteli, wajenzi, viwanda. Mwaka 2007 viwango hivyo vikaunganishwa, na kila mwajiri wa sekta yoyote akaanza kulipa shilingi 50 kwa kichwa. Mwaka 2011 sheria ikarekebishwa tena, na iliyokuwa Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ikageuka kuwa NITA.

Wazo lenyewe lina mantiki. Mwenye karakana akimfunza kijana hadi akaiva, jirani aliyeongeza shilingi mia mbili kwa siku anaweza kumchukua kesho yake. Kila mmoja akihofia kunyang'anywa fundi, hakuna atakayefunza. Wote wakichangia mfuko mmoja, anayefunza anafidiwa na anayenyakua naye amelipa sehemu yake. Nchi nyingi zilifuata njia hiyo, ikiwemo Uingereza iliyotunga sheria yake ya mafunzo ya viwandani mwaka 1964.

Kasoro iko kwenye kiwango. Shilingi 50 ni ile ile kwa anayefagia na kwa anayeongoza. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa 15,000, mwajiri analipa karibu senti 33 kwa kila shilingi 100 za mshahara. Kwa meneja wa 300,000, analipa chini ya senti mbili kwa kila shilingi 100. Maana yake ni kwamba biashara yenye wafanyakazi wengi wa mishahara midogo, ambayo ndiyo sura ya biashara nyingi za Meru na Embu, inabeba mzigo mkubwa zaidi ukilinganisha na uwezo wake. Tena kiwango hicho kimekaa hapo hapo tangu 2007 huku bei ya kila kitu, ada za mafunzo zikiwemo, ikipanda zaidi ya mara mbili.

Milango minne ya kupitia

Ili pesa irudi, mwajiri anapita milango minne. Wa kwanza ni kuwa amesajiliwa na tozo yake imelipwa bila deni. Wa pili ni kumpata mkufunzi aliyesajiliwa na NITA kwa kozi inayohusu kazi ya mfanyakazi. Fundi hodari asiye na usajili hahesabiki, hata kama mji mzima unajua ndiye bingwa. Wa tatu ni kuomba idhini kabla mafunzo hayajaanza. Wa nne ni kuwasilisha madai mafunzo yakiisha, pamoja na ushahidi: orodha ya mahudhurio, risiti, vyeti.

Mlango wa tatu ndio unaowafungia wengi nje. Mwajiri mdogo hupeleka watu mafunzoni kwanza, kisha akisikia kwamba kuna pesa za kurudishiwa, anakusanya risiti na kuomba. Anakuwa amechelewa. Sheria ya mchezo ni idhini kwanza, darasa baadaye. Urejeshaji nao hufuata viwango vya mamlaka, haufuati bei ambayo mwajiri alipatana na mkufunzi. Anayelipa zaidi anajibebea tofauti.

Masharti haya hayakuwekwa kwa ukatili. Mfuko wa mafunzo ni chambo kwa wajanja: semina ya siku mbili hotelini, chakula kizuri, vyeti kwa kila aliyetia sahihi, na hakuna aliyejifunza kitu. Bila usajili wa wakufunzi na bila ushahidi, pesa za waajiri wote zingeishia kwenye posho. Hata hivyo, kufuli inayomzuia mwizi na kumzuia pia mwenye nyumba inahitaji kutazamwa upya.

Hesabu ya karakana moja

Tuchukue karakana ya kubuni yenye mafundi wanane pale Makutano, inayotengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Kwa mwezi inalipa tozo ya shilingi 400, kwa mwaka 4,800. Baada ya miaka mitano imeshachangia 24,000. Mwenyewe anataka mafundi wawili wajifunze uchomeleaji wa hali ya juu, wa mabomba na vyuma visivyoshika kutu, ili apate kandarasi katika viwanda vya chai na vya maziwa, mahali ambapo bomba likivuja kazi ya siku nzima inaharibika.

Tuseme ada ni 20,000 kwa kila mmoja. Hizo ni 40,000 taslimu, mbele. NITA ina vituo vyake vitano vya mafunzo: kile cha ufundi na kile cha ushonaji na nguo, vyote Nairobi, kingine Athi River, na viwili vilivyobaki viko Mombasa na Kisumu. Upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya hakuna hata kimoja. Kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, kutoka Embu ni zaidi ya 120. Hapo ongeza nauli ya matatu, malazi, chakula, na mishahara ya watu wawili ambao hawako kazini. Kisha ongeza gharama isiyoandikwa popote: mteja aliyetaka geti lake kabla ya shule kufunguliwa ameenda kwa karakana ya ng'ambo ya barabara.

Mwisho wa yote, madai yakikubaliwa, kinachorudi ni gharama za mafunzo zilizoidhinishwa. Mteja aliyeondoka harudishwi na mfuko wowote. Tena pesa hiyo hairudi kesho. Katika muda wa kungoja, mwenye karakana ameikopesha serikali bila riba, na huenda yeye mwenyewe amekopa kwa riba ili aweze kuikopesha.

Sasa linganisha na kampuni yenye wafanyakazi mia moja, liwe shamba la maua kule Timau au kiwanda cha kusaga kahawa. Inalipa 60,000 kwa mwaka. Ina afisa wa wafanyakazi ambaye kupanga mafunzo ya mwaka mzima ni sehemu ya kazi yake, ina mhasibu wa kufuatilia madai, na inaweza kumwita mkufunzi aje mlangoni kwake badala ya kuwatuma watu Nairobi. Isitoshe, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na kamati ya usalama, na kamati hiyo inahitaji mafunzo. Kampuni kubwa ingetumia pesa hizo kwa vyovyote vile. Kurudishiwa ni nafuu juu ya jambo ambalo tayari ilikuwa lazima ilifanye. Wakufunzi wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana wengi wao hutangaza kozi za huduma ya kwanza na za kuzima moto kwa kusisitiza kwamba gharama inarejeshwa na NITA.

Wasiokuwemo kabisa

Karakana yetu ya wanane ina bahati, kwa sababu angalau imesajiliwa. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, wa mwaka 2016 ulikadiria biashara ndogo na za kati nchini kuwa takriban milioni 7.4. Zenye leseni zilikuwa milioni 1.56 hivi, zilizobaki, karibu nne katika kila tano, hazikuwa nayo. Na kwa mujibu wa takwimu za serikali, sekta isiyo rasmi ndiyo yenye zaidi ya asilimia 80 ya ajira zote nje ya kilimo cha wadogo.

Tembea Gakoromone sokoni Meru, au kwenye gereji za mji wa Embu, uone maana ya takwimu hizo. Kijana anayefungua injini ya tuktuk chini ya mwembe ni mfanyakazi wa mtu, lakini hayumo katika daftari lolote la tozo. Mchuma chai aliyeajiriwa na mkulima mdogo wa Manyatta au Imenti Kusini hayumo. Anayepanga miraa mafungu kule Maua hayumo. Tozo haikusanywi kwa ajili yao, na pesa ya mafunzo haiwezi kudaiwa kwa jina lao. Mfuko wa kuwafunza wafanyakazi wa Kenya hauwaoni wafanyakazi wengi wa Kenya.

Kuna kinaya kingine. Embu ni mwenyeji wa mojawapo ya kampasi za Chuo cha Serikali cha Kenya, ambako maofisa wa umma hutoka pembe zote za nchi kuja kuongezewa ujuzi kwa bajeti za idara zao. Kwa mtumishi wa umma, mafunzo ya kazini ni jambo lililo katika sera na mpango wa mwaka. Nje ya lango la chuo hicho, fundi wa gereji anasubiri bahati.

Milango mingine inayotajwa

Waajiri wanapolalamika, huambiwa kuna njia nyingine. Zipo, lakini kila moja ina mipaka yake.

Kuna nafuu ya kodi ya mapato kwa anayechukua wanagenzi. Mwajiri anayewachukua wahitimu wasiopungua kumi kwa miezi sita hadi kumi na miwili anaruhusiwa kupunguza katika mapato yake ya kutozwa kodi nusu zaidi ya mishahara anayowalipa. Nafuu hiyo ilianza na wahitimu wa vyuo vikuu, kisha ikapanuliwa kuwafikia wa vyuo vya ufundi. Tatizo ni hiyo idadi ya kumi. Kwa benki ni kitu kidogo. Kwa karakana ya wanane ni kuongeza watu zaidi ya mara mbili ili upate punguzo la kodi ya faida ambayo pengine huna.

Kuna miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia. NARIGP, mradi wa kilimo jumuishi cha vijijini ulioanza mwaka 2016, ulizihusisha kaunti 21, zikiwemo Meru na Embu, na ulitoa ruzuku na mafunzo kwa vikundi vya wakulima. NYOTA, mradi wa sasa wa vijana, unatoa mtaji wa shilingi 50,000 na mafunzo ya biashara kwa wanaochaguliwa. Miradi hii ina manufaa yake, lakini inamlenga mkulima katika kikundi au kijana anayeanza biashara. Haimlengi mfanyakazi aliye kazini tayari, na kila mradi una tarehe ya kufungwa.

Halafu kuna vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2017/18, serikali kuu ilitoa ruzuku maalumu kupitia kaunti iliyolenga shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi. Hiyo ilikuwa ya anayetafuta kazi ya kwanza. Fundi wa miaka kumi hakai darasani miaka miwili. Anataka wiki mbili, au jioni sita, za kitu kimoja anachokosa.

Mlango wenye matumaini zaidi kwa fundi huyo ni kutambuliwa kwa ujuzi alio nao. Kenya ilizindua sera yake ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa mwaka 2024, na mitihani ya gredi ya NITA, kuanzia ya tatu hadi ya kwanza, imekuwepo kwa miaka mingi. Cheti cha gredi hakimfunzi mtu, lakini humpandisha thamani, na humwonyesha mwajiri pengo lililobaki la kujazwa.

Nchi nyingine zinafanyaje?

Tanzania inatoza waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi asilimia ya mishahara yote, na kiwango kilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Ni kikubwa mno ukilinganisha na cha Kenya, na waajiri wa huko hawarudishiwi gharama za mafunzo yao. Kwa upande mwingine, sehemu ya pesa hiyo huendesha vyuo vya ufundi vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya nchi hiyo, mikoani, na mwajiri mdogo mwenye watu watano halipi chochote. VETA pia inarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani.

Afrika Kusini inatoza asilimia 1 ya mishahara, na mwenye malipo ya mishahara yasiyozidi randi 500,000 kwa mwaka amesamehewa. Anayewasilisha mpango wa mafunzo na ripoti yake hurudishiwa asilimia 20 ya alicholipa. Uingereza, tangu 2017, inawatoza waajiri wakubwa peke yao, wenye mishahara inayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka, na mwajiri mdogo aliyemchukua mwanagenzi aligharamiwa sehemu kubwa ya mafunzo, asilimia 95 kuanzia 2019.

Mifumo hii mitatu ina kasoro zake, lakini yote inamtofautisha mdogo na mkubwa: ama anasamehewa, ama anasaidiwa zaidi. Kenya inawatoza wote sawa, inawapa masharti sawa, na inaita hiyo usawa.

Kifanyike nini

Pendekezo linalosikika haraka ni kupandisha tozo. Wakati wake haujafika. Mwajiri wa leo analipa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ada ya nyumba, na mchango wake wa hifadhi ya jamii, NSSF, umekuwa ukipanda. Ukimwongezea tozo ya mafunzo kabla hajaona faida ya ile anayolipa, utamsukuma akaajiri bila kuandika, na waliokosekana daftarini wataongezeka. Irekebishwe njia kwanza, ndipo kiwango kizungumziwe. Kikizungumziwa, kiwe asilimia ya mshahara ili meneja asilipiwe sawa na mfagiaji.

Marekebisho ya njia yanawezekana bila kusubiri Bunge. La kwanza, kwa waajiri wenye watu chini ya 20, mamlaka imlipe mkufunzi moja kwa moja baada ya kuidhinisha kozi, mwajiri achangie sehemu ndogo tu. Hofu ya udanganyifu inabaki ile ile, na dawa yake pia ni ile ile: usajili na ukaguzi. Kinachoondoka ni ule mkopo wa lazima.

La pili, vyuo vilivyopo eneo hili vichukue nafasi. Meru ina Chuo cha Kitaifa cha Ufundi mjini na chuo cha ufundi cha Nkabune; Embu ina chuo kikuu chake na Chuo cha Jeremiah Nyagah kule Mbeere. Vina karakana, mashine na walimu. Chuo kilichosajili kozi fupi za jioni na za Jumamosi kwa watu walio kazini kingempunguzia mwajiri nauli, malazi na siku zilizopotea, gharama ambazo kwa karakana ndogo zinaweza kushinda ada yenyewe.

La tatu ni la waajiri wenyewe: waombe kwa pamoja. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa ushirika. Kahawa, maziwa na chai ya Meru na Embu vimesimama juu ya vyama vya ushirika na kampuni za wakulima kwa miongo mingi, na kila soko lina chama chake cha jua kali. Karakana kumi zenye mafundi wanane kila moja ni mafundi 80. Hizo ni shilingi 48,000 za tozo kwa mwaka, darasa linalojaa, na mkufunzi anayekubali kupanda basi kuja Meru. Kila mwajiri anabaki na usajili wake na ombi lake, lakini ratiba ni moja, mkufunzi ni mmoja, na anayejua kujaza fomu ni mmoja, analipwa kwa kuchangiwa. Ofisi za kaunti zinazoshughulikia biashara na vyama vya ushirika zingeweza kuwa na afisa mmoja wa kazi hiyo. Ni mshahara wa mtu mmoja tu.

Hili la tatu halihitaji idhini ya Nairobi, ila linahitaji kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na madai mengi hufia hapo: mwajiri alilipa tozo lakini hana stakabadhi, alifunza lakini hakuandika mahudhurio, alilipia kozi kwa simu na kufuta ujumbe.

Kwa mwajiri wa Meru au Embu anayesoma haya, kazi ya mwezi huu ni fupi. Hakikisha tozo yako imelipwa na una uthibitisho. Andika ni ujuzi gani mmoja ambao mafundi wako wakiupata utawaletea kazi mpya. Tafuta majirani wanne wenye hitaji hilo hilo. Kiulizeni chuo kilicho karibu kama kimesajiliwa kwa kozi hiyo, na kama bado, kwa nini. Kisha ombeni idhini kabla ya siku ya kwanza ya darasa. Shilingi 50 ni zenu na mmeshazitoa. Msipozidai, zitamfunza mfanyakazi wa mwingine.